Nyota Tano kwa Mwenye Haraka

Umefungua nyumba ya wageni Paje, au kampuni ya safari Arusha. Shuka ni safi, gari lina matairi mapya, na simu imenyamaza. Jirani yako ana nyota 4.8 na maoni mia tatu. Wewe una maoni mawili, na moja ni la binamu yako. Sogea karibu tuongee. Unataka nyota, tena unazitaka kabla msimu haujaanza. Hakuna aibu. Kila mfanyabiashara anapenda kusifiwa mbele za watu, na angependa sifa hizo zifike leo jioni. Njia za mkato zipo, zinajulikana, na zote zina bei. Nitakupitisha moja baada ya nyingine, nikuonyeshe inafanywaje na inakula nini, halafu tuchague ile yenye kazi ndogo kuliko zote.

Kwanza ujue unachokichezea. Mwaka 2011 Michael Luca wa Harvard Business School alilinganisha nyota za Yelp, tovuti ya maoni ya wateja, na mapato ya migahawa ya Seattle, akaona kwamba nyota moja ya ziada huongeza mapato kwa kati ya asilimia 5 na 9. Faida hiyo waliipata wenye migahawa binafsi. Yale makampuni yenye matawi kila kona hayakupata kitu, kwa kuwa mteja anayajua tayari. Kwa maneno mengine, nyota ni mali ya mnyonge. Mtalii aliyekaa Munich hakujui, hamjui shangazi yako, wala hawezi kuja kunusa jiko lako. Anachokishika ni maneno ya waliotangulia, na kwa maneno hayo anatuma malipo ya awali kwa mtu ambaye hajawahi kumwona. Hapo ndipo riziki yako ilipo, na ya jirani yako pia.

Haya, tuanze na jina, ujanja mkongwe kuliko wote. Orodha ya kwanza ya wenye simu ilitoka New Haven, Marekani, mwaka 1878, ikiwa na wateja 50 kwenye karatasi moja. Vitabu viliponenepa na kurasa za njano zikapanga biashara kwa alfabeti, mafundi bomba na mafundi wa kufuli waligundua kwamba mtu aliyefungiwa nje usiku hafiki herufi M. Mmoja akajiita A1, mwingine AAA, wa tatu akaongeza A ya nne ili awatangulie wote. Leo alfabeti haina kazi, ila mazoea yamebaki: watu hubandika maneno baada ya jina la biashara, bora, nafuu, karibu na ufukwe, wifi bure, ili ramani ya Google iwaone upesi. Google inataka jina lililo kwenye kibao chako cha mlangoni, basi. Mtu yeyote anaweza kubonyeza na kupendekeza jina lisahihishwe, na ukikaidi ukurasa wako unaweza kusimamishwa katikati ya Agosti. Andika jina la kibao. Tayari umeokoa mchana mzima.

Ukishaingia kwenye orodha, tegemea barua. Wafanyabiashara wa Ulaya walizizoea: fomu yenye sura ya kiofisi inakuomba uhakikishe anwani na namba ya simu, utie saini, uirudishe. Chini kabisa, kwa herufi ndogo mno, umeandikwa mkataba wa miaka kadhaa, karibu yuro elfu moja kwa mwaka, kwa orodha ambayo hakuna mteja anayeifungua. Siku hizi inakuja kwa simu: tunapiga kutoka Google, lipa leo la sivyo ukurasa wako utafutwa. Kuwekwa kwenye ramani ya Google ni bure. Kata simu.

Sasa ndugu. Kundi la familia la WhatsApp lina watu arobaini, wote wanakupenda. Saa tatu usiku unaandika: jamani naomba nyota tano, kiungo hiki hapa. Kufika saa nne una maoni kumi na manane. Huduma nzuri sana. Chakula kitamu mno. Mungu azidi kukuinua mdogo wangu. Hilo la mwisho ameandika shangazi wa Mwanza, ambaye hajawahi kuvuka bahari kuja Unguja, na mtu wa Munich akilitafsiri kwa simu yake ataelewa kila kitu. Mashine nayo inaelewa. Inaona akaunti kumi na nane ambazo hazijawahi kusema neno juu ya mahali pengine popote, zote zimezungumza usiku mmoja. Luca na mwenzake Georgios Zervas walipochunguza migahawa ya Boston, walikuta Yelp imeyaweka kando kama ya kutiliwa shaka maoni yapatayo asilimia 16. Google ilitangaza kwamba kwa mwaka 2023 peke yake ilizuia au kuondoa zaidi ya maoni milioni 170 yaliyovunja kanuni zake. Ya shangazi yana nafasi nzuri ya kuwa safari moja na hayo. Waombe ndugu zako kitu wanachokiweza: waje walale usiku mmoja, waoge, wale, kisha wakuambie chumbani, mlango ukiwa umefungwa, ni kipi kibovu.

Ndugu wakiisha, hununuliwa wageni. Kwetu tunao chawa, watu ambao kazi yao ni kumsifia anayelipa. Wa mtandaoni hutofautiana nao kwa kuwa hamjuani sura. Ofisi ya mwanasheria mkuu wa jimbo la New York iliwafuata kwa hila. Maofisa walijifanya wenye duka la mtindi Brooklyn, wakazipigia kampuni za kutengeneza sifa mtandaoni wakilia kwamba maoni mabaya yanawaua. Kampuni zikajitolea kuandika mazuri. Waandishi wenyewe walikuwa Ufilipino, Bangladesh na Ulaya Mashariki, kwa malipo ya dola 1 hadi 10 kwa oni. Ilipofika Septemba 2013, kampuni 19 zilikuwa zimekubali kulipa jumla ya zaidi ya dola 350,000 na kuacha mchezo huo.

Dola moja unaipata. Tuangalie basi unanunua nini. Mwaka 2011 Myle Ott na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell waliwalipa watu dola moja moja waandike sifa za uongo za hoteli 20 za Chicago ambazo hawakuwahi kulala. Walikusanya 400, wakazichanganya na 400 za kweli. Binadamu waliopewa kuzisoma walikuwa kama wanabahatisha. Programu ya kompyuta ilizitenga kwa usahihi wa karibu asilimia 90. Uongo ulikuwa na mwendo wake: asiyefika anasimulia alikuja na nani na kwa sababu gani, mume wangu, likizo yetu, safari ya kikazi. Aliyefika anasema bafu, ghorofa, udogo wa chumba, umbali wa kutoka mtaani.

Weka sentensi mbili mezani uzione. Ya kwanza: mimi na mume wangu tulifurahia mno likizo yetu, huduma ilikuwa ya kipekee, tutarudi. Ya pili: ngazi ni nyembamba, begi kubwa halipiti, ila kijana wa mapokezi alilifunga kamba akalivuta kupitia dirishani huku anacheka. Ya pili ina lawama ndani yake, na ndiyo inayouza chumba. Mwenye begi dogo ameondokewa na hofu, mwenye begi kubwa ameshampenda kijana. Chawa wa dola moja hawezi kuiandika kwa kuwa hajapanda ngazi zako. Programu za akili bandia nazo zinatoa ile ya kwanza kwa wingi wowote unaoutaka, kwako na kwa jirani na kwa mji mzima, na kwa hiyo haimvuti tena mtu.

Na tuseme imepita, hakuna mashine iliyoigusa. Sherry He, Brett Hollenbeck na Davide Proserpio waliwafuatilia wauzaji wa Amazon waliokuwa wakinunua sifa kwenye makundi ya Facebook, wakachapisha utafiti wao mwaka 2022. Nyota zilipanda kweli, na mauzo yakapanda. Ununuzi ulipokoma, nyota zikashuka, na maoni ya nyota moja yakaongezeka. Ndivyo inavyokuwa. Mteja aliyeahidiwa tano akakuta tatu haandiki tatu. Anaandika moja, kwa hasira ya mtu aliyedanganywa, na hasira hiyo ina maelezo mengi, ina picha, ina tarehe.

Sheria nazo zimekaza. Huko Lecce, kusini mwa Italia, mwaka 2018 mahakama ilimhukumu mtu kifungo cha miezi 9 kwa kuuza maoni ya uongo ya TripAdvisor, tovuti ya wasafiri. Marekani, tangu Oktoba 2024, kanuni ya serikali inaruhusu faini ya zaidi ya dola 50,000 kwa kila kosa. Uingereza imeyapiga marufuku maoni hayo tangu Aprili 2025, na faini inaweza kufika asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani kote. Wewe uko Paje, utasema. Wakala anayekuletea wageni yuko Manchester, na hatakubali jina lake likae karibu na lako siku ukigundulika.

Tufike sasa kwenye lile linalokujia saa nane za usiku: kumshusha jirani. Nyota moja hapa, nyota moja pale, bila maelezo. Utafiti ule wa Boston uliliona hili pia: maoni mabaya ya uongo huongezeka pale mgahawa unapozungukwa na wengine wanaopika chakula cha aina ileile. Kwa hiyo wa kwanza kushukiwa ni wewe, na atakayekushuku hana haja ya ushahidi, anakujua. Mwaka 2022 matapeli walishambulia migahawa ya miji kadhaa ya Marekani kwa nyota moja moja, kisha wakatuma barua pepe kudai kadi ya Google Play ya dola 75 ili waache. Hao ndio watakaokuwa wenzako. Jiulize pia jambo la kibiashara: jirani akijaa mwezi wa nane, wageni waliokosa chumba anawaelekeza kwa nani? Mwaka huu anawaelekeza kwako. Mpelekee urojo.

Wengine huona heri kuwanyamazisha wateja. Mwaka 2014 hoteli moja ya Blackpool, Uingereza, iliwakata wageni wawili pauni 100 kwenye kadi yao kwa sababu waliandika kwamba ni pachafu. Masharti ya chumba yalikuwa yameruhusu. Habari zilienea, pesa zikarudishwa. Mwaka huohuo nyumba ya wageni ya Hudson, jimbo la New York, ilikutwa imeandika kwamba maharusi watatozwa dola 500 kwa kila oni baya la mwalikwa wao. Watu ambao hawajawahi kukanyaga Hudson walimiminika kuipa nyota moja, mamia kwa mamia. Mwaka 2016 Marekani ikapitisha sheria ya kuvifuta vifungu vya namna hiyo kwenye mikataba. Sina la kuongeza hapo.

Lakini najua bado una hamu ya kuona ujanja uliokamilika, usio na kasoro. Upo. Twende Dulwich, kusini mwa London, kwenye banda la bustani alilokuwa akiishi kijana mwandishi, Oobah Butler. Huyu aliwahi kulipwa pauni 10 kwa oni kuisifu migahawa ambayo hajala. Mwaka 2017 akajiuliza kama banda lake lenyewe linaweza kuwa mgahawa. Akanunua simu ya pauni 10, akalisajili banda TripAdvisor kwa jina la The Shed at Dulwich, akaandika kwamba linapokea kwa miadi tu ili asilazimike kutaja anwani kamili. Orodha ya vyakula ilipangwa kwa hali za moyo. Picha za vyakula alizipiga kwa povu la kunyolea ndevu na vidonge vya kusafishia. Katika picha moja, kile kilichoonekana kama nyama kilikuwa kisigino chake mwenyewe. Alianza nafasi ya 18,149, ya mwisho London. Marafiki na watu anaofahamiana nao waliandika, kila mmoja kwa kifaa chake, ili mashine isiwaunganishe. Simu ikaanza kuita. Akawa anajibu kila mara: samahani, tumejaa. Kadiri alivyokataa ndivyo walivyozidi kupiga. Novemba 1, 2017, mgahawa usiokuwepo ulikuwa wa kwanza London nzima.

Baadaye akafungua kwa usiku mmoja. Aliwapa wageni chakula cha kupasha moto cha dukani, cha pauni moja, akawachanganya na marafiki walioigiza kuwa wateja wenye furaha. Wapo walioomba nafasi ya kurudi.

Kisa hiki husimuliwa kama ushindi wa ujanja. Mimi nakiona kama ratiba ya kazi. Ni karibu miezi sita ya kutunga, kuazima watu, kupiga picha, kupokea simu na kukumbuka nani kaambiwa nini. Katika miezi sita mtu anajifunza kupika. Butler hakuwa na kodi, mpishi wala leseni. Siku alipoutangaza uongo wake, hakupoteza sahani. Wewe siku hiyo unapoteza kila kitu. Na kuna jambo linaloniuma zaidi. Mgahawa fulani wa London ulikuwa wa pili asubuhi ile, nyuma ya banda. Ulikuwa na jiko la moto, watu waliosimama tangu alfajiri, mishahara ya kulipa mwisho wa mwezi. Nafasi ya kwanza ilikuwa haki yake, na hakuna aliyeurudishia.

Basi njia fupi ni ipi? Ni kushindwa kidogo, hadharani, kwa adabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Northwestern, kwenye kituo chao cha Spiegel, walikuta kwamba mteja yu tayari zaidi kununua nyota zinapokuwa kati ya 4.0 na 4.7. Zikikaribia 5 kamili, hamu inapungua, anaona pana mkono wa mtu. Davide Cerretini, mwenye mgahawa wa Botto Bistro huko Richmond, California, alikwenda mbali zaidi mwaka 2014. Alichoshwa na Yelp, akatangaza punguzo la asilimia 25 kwa kila mteja atakayempa nyota moja. Wateja wakaandika lawama za kuchekesha, na sifa ya mgahawa ikavuka bahari. Sikushauri umfuate, masharti ya tovuti hizi hayaruhusu kulipia oni, zuri wala baya. Chukua kwake jambo moja: nyota moja haiui biashara ambayo chakula chake ni kizuri.

Kwa hiyo siku nyota moja itakapofika, na itafika, fanya hivi. Usijibu usiku huo. Kila mwenye nyumba hujiona ametukanwa yeye, mama yake na ukoo, na jibu la usiku husomeka hivyo. Asubuhi lisome tena. Tuseme linasema: maji ya moto hakuna, tulioga baridi siku mbili, mlinzi anasema fundi anakuja. Mkono utataka kuandika kwamba wageni wengine mia hawakulalamika. Uzuie. Nenda vyumba vya nyuma, fungua bomba, weka kiganja. Kisha andika mistari mitatu: Ni kweli. Hita ya vyumba vya nyuma iliungua tarehe 3 na fundi alifika tarehe 6. Tulipaswa kukuhamishia chumba cha mbele siku ileile, na hatukufanya hivyo, pole sana. Jina lako, basi. Usiweke maneno ya barua za benki. Mtu wa Munich atasoma oni, atasoma jibu, na atakuwa amejua kwamba nyumba hii kitu kikiharibika kuna mtu anayeamka. Habari hiyo huwezi kuinunua Bangladesh kwa dola kumi.

Zilizobaki ni kazi za dakika chache. Mgeni anapolipa na kuchukua begi, mwombe kwa mdomo aandike alichokiona. Mwombe kila mtu, hata yule aliyenuna. Kuchagua wenye furaha tu ni kuchakachua, na Google haikubali. Usimpe soda kama malipo. Usimchungulie anapoandika. Mambo matatu wageni wanayoyalalamikia kila mwezi yabandike mlangoni pa stoo, uyafute moja moja.

Halafu, ukipata robo saa, vuka barabara kwa yule mama anayechoma chapati chini ya mkungu. Watu husema kizuri chajiuza; chapati zake ni nzuri kuliko zote pwani hii na hazijulikani zaidi ya mita mia mbili, maana simu yake ni ya vitufe. Mwombe ruhusa, piga picha ya kikaango, mweke kwenye ramani kwa jina analotaka yeye, na namba yake mwenyewe. Wapeleke wageni wako kwake asubuhi. Wakirudi kwao wataandika juu ya chapati, na wengi wataziandikia kwenye ukurasa wa nyumba waliyolala.